Istanbul kwa wawili: mwongozo wa kutembea na kula

Wenza wengi wanaokwenda Istanbul hupanga safari kwa orodha ya majengo. Siku ya kwanza misikiti miwili, kasri, hodhi la chini ya ardhi na soko. Siku ya pili hivyo hivyo. Ikifika ya tatu mmoja anachechemea, mwingine kanuna, na wote wawili wanaishia kula chipsi hotelini kwa sababu hakuna mwenye nguvu ya kutafuta kingine. Huu ni mji wa kula. Upangeni kwa milo: asubuhi mle mshibe, mwone jambo moja kubwa, mle, mvuke maji, mle tena. Majengo yatajipenyeza yenyewe katikati, maana yapo kila kona.

Mwongozo huu unawalenga wawili wanaotoka Afrika Mashariki kwenda huko kwa mara ya kwanza, wenye siku tano hadi saba mkononi. Bei za vyakula na nauli sitazitaja. Lira ya Uturuki imeporomoka sana miaka ya karibuni, na bei ya mwaka jana haimsaidii mtu.

Hatua ya 1: Chagueni tarehe, kisha mtazame siku za wiki

Aprili na Mei, au katikati ya Septemba hadi Oktoba, ndiyo miezi ya raha. Aprili ni msimu wa maua ya tulipu, na bustani za Emirgan na Gülhane hupendeza kweli. Julai na Agosti kuna joto na foleni. Kuanzia Desemba hadi Februari ni baridi ya kuingia kwenye mifupa, mvua, na mara nyingine theluji. Aliyezoea Dar au Mombasa asijidanganye na sweta. Ila hoteli hushuka bei, na ndio wakati wa salep, maziwa ya moto yaliyotiwa unga wa mizizi ya okidi mpaka yakawa mazito, juu yake mdalasini. Kikombe kimoja jioni ya baridi mtashindania.

Ramadhani si kikwazo. Migahawa ya maeneo ya watalii hubaki wazi mchana, na usiku mji huchangamka. Idi ndiyo ya kuangalia: soko kuu hufungwa na wenyeji wengi husafiri.

Sasa siku za wiki, ambazo watu huzisahau. Kasri la Topkapı halifunguliwi Jumanne. Dolmabahçe, kasri jingine, halifunguliwi Jumatatu. Kapalıçarşı, lile soko kuu lenye paa, hufungwa Jumapili. Ijumaa misikiti mikubwa haipokei watalii mpaka swala ya Ijumaa ipite. Andikeni haya kwenye karatasi kabla ya kukata tiketi, kwa sababu mkifika Jumamosi usiku na kuondoka Jumanne mtakuwa mmefungiwa nusu ya mji.

Hatua ya 2: Viza, ndege na majina

Masharti ya viza hutegemea pasi ya kusafiria na, kwa wengine, kama una viza hai ya Schengen, Uingereza au Marekani. Anzeni kwenye tovuti rasmi ya serikali ya Uturuki, evisa.gov.tr. Zipo tovuti nyingi za kufanana nayo zinazotoza ada juu ya ada. Mkielekezwa ubalozini, Uturuki ina ubalozi Dar es Salaam na Nairobi. Kila mtu huomba viza yake. Ndoa haiwaunganishi hapo.

Kwa walio fungate: jina la kwenye tiketi lifanane na la kwenye pasi. Kama pasi ya bibi harusi bado ina jina la baba yake, tiketi nayo iwe hivyo hivyo, hata kama harusi ilifungwa Jumamosi iliyopita na kadi zimeshasambaa na jina jipya.

Kuna ndege za moja kwa moja kutoka Dar es Salaam, Zanzibar, Kilimanjaro, Nairobi, Mombasa na Entebbe. Safari ni kama saa saba, nyingi zikiondoka usiku wa manane na kufika asubuhi. Saa za Istanbul ni zile zile za kwetu mwaka mzima, hivyo hakuna kurudisha mshale wala usingizi wa kuvurugika. Shida ni kwamba chumba cha hoteli kwa kawaida hakiwi tayari mpaka saa nane mchana. Acheni mabegi mapokezi mkatafute kifungua kinywa. Mlo huo wa kwanza upangeni kabisa kabla ya kuondoka nyumbani, kwa sababu watu wawili wenye njaa na usingizi, katika mji wasioujua, hawakubaliani jambo.

Hatua ya 3: Kubalianeni fedha

Wekeni mfuko mmoja wa chakula, nauli na viingilio, na mmoja wenu aushike. Fedha za manunuzi kila mtu na zake. Mpango huu huzuia lile swali la "kwani umenunua ngapi?" katikati ya soko la mazulia.

Bebeni dola au euro, noti safi zisizochanika. Uwanjani badilisheni kidogo tu ya kufikia mjini. Maduka ya kubadilishia fedha yameandikwa *döviz*, na ya Sirkeci na yanayozunguka Kapalıçarşı hutoa bei nzuri. Kadi za benki hupokelewa karibu kila duka. Mashine ikiuliza ikutoze kwa lira au kwa dola, chagua lira. Ukichagua dola unaongezewa makato kimya kimya.

Hatua ya 4: Mahali pa kulala

Sultanahmet ni karibu na kila kitu kinachopigwa picha, lakini usiku ni kimya, na chakula chake kingi kimepikwa kwa ajili ya mtu asiyerudi tena. Karaköy na Galata kuna uhai na mikahawa, ila vilima vyake havina huruma kwa anayeburuta begi. Kwa mara ya kwanza ningewaambia Sirkeci: tramu mlangoni, treni ya Marmaray chini, vivuko vya Eminönü hatua chache, na Sultanahmet mnapanda kwa miguu. Wale ambao kwao chakula ni jambo la kwanza na majengo la pili, walale Kadıköy, upande wa Asia. Huko ndiko wenyeji wanakokula.

Hatua ya 5: Kadi moja ya usafiri

Kutoka uwanja mkuu wa ndege kuna treni ya M11 hadi Gayrettepe, ambapo mnabadilisha, na kuna mabasi ya Havaist yenye nafasi ya mabegi. Mkifika, nunueni Istanbulkart kwenye mashine. Inafanya kazi kwenye tramu, treni, mabasi na vivuko, na kadi moja inatosha wawili: gonga, mwenzako apite, gonga tena. Tramu ya T1 ndiyo mtaizoea, maana inapita Karaköy, Eminönü, Sirkeci, Gülhane, Sultanahmet na Beyazıt.

Hatua ya 6: Sultanahmet kwa asubuhi mbili, si moja

Ayasofya, Msikiti wa Sultan Ahmed, hodhi la Yerebatan na Topkapı viko umbali wa dakika chache kwa miguu kutoka kimoja hadi kingine. Ukaribu huo ndio mtego. Watu hujaribu kuvimaliza siku moja, na cha nne hakuna anayekumbuka alichokiona.

Asubuhi ya kwanza anzeni na Yerebatan, mapema, kabla ya vikundi vya watalii. Ni hodhi la maji la karne ya 6, la zama za mfalme Justinian, lenye nguzo 336 zilizosimama kwenye maji ya kina kifupi gizani. Mbili kati yake zimekalia vichwa vya mawe vya Medusa, mwanamke wa hadithi za Kiyunani mwenye nywele za nyoka, kimoja kimelazwa ubavu, kingine kimepinduliwa juu chini. Mkitoka, vukeni barabara kwenda Ayasofya. Ilikamilika mwaka 537 kama kanisa, ikawa msikiti sultani Mehmed wa Pili alipouteka mji mwaka 1453, ikageuzwa makumbusho katika miaka ya 1930, na tangu 2020 ni msikiti tena. Kuanzia Januari 2024 mtalii wa kigeni hulipa euro 25 na kupandishwa roshani ya juu, akaangalia michoro ya vijiwe na kuitazama sakafu ya swala kutoka huko. Waumini wanaokwenda kuswali wana mlango wao na hawalipi.

Euro 50 kwa wawili ni fedha. Kama mfuko unabana, msione haya kuiangalia kwa nje tu. Msikiti wa Sultan Ahmed ulio mkabala nao, wenye minara sita na vigae vya buluu vya Iznik, ni bure. Na Süleymaniye, uliojengwa na msanifu Mimar Sinan kati ya 1550 na 1557, ni bure pia, na kwa maoni yangu ndio mzuri kuliko yote mjini. Kuba lake linakufanya unyamaze, watu si wengi, na uani nyuma mnaona maji ya Haliç, mkono wa bahari unaoingia mjini, yote hadi mnara wa Galata. Tena mbele yake kuna maharage, ambayo nitayafikia.

Asubuhi ya pili iwe ya Topkapı. Muwepo mlangoni saa tatu, linapofunguliwa, na muingie Harem, makazi ya wanawake wa sultani, kwanza, kwa kuwa ndiko kunakosongamana baadaye. Wengi hukimbilia almasi ya karati 86 na vitu vitukufu vilivyohifadhiwa huko, na wanaruka jiko. Nyinyi mliokuja kula msiliruke. Jengo lile refu lenye mabomba mengi ya moshi liliungua mwaka 1574, Sinan akalijenga upya, na lilikuwa likilisha maelfu ya watu wa kasri. Ndani mtaona masufuria ambayo mtoto anaweza kuogelea, pamoja na vyombo vya kauri kutoka China.

Mavazi ya msikitini: mwanamke mtandio na mikono iliyofunikwa, mwanamume suruali ndefu. Mtandio ukae kwenye mkoba siku zote, maana msikiti mzuri hukutokea bila kupangwa. Na soksi ziwe nzima. Viatu vitavuliwa mara nyingi kwa siku.

Hatua ya 7: Kula

Kanuni ya msingi: agizeni sahani moja, mle wawili, kisha muende duka la pili. Mkiagiza kila mtu yake, mmeshiba saa sita mchana na siku imekwisha. Sema *iki tabak*, onyesha vidole viwili, utaletewa sahani mbili tupu na hakuna atakayewanunia.

Kifungua kinywa kikubwa huitwa *serpme kahvaltı*, na kwa kawaida huuzwa kwa watu wawili, kwa hiyo hapa kuwa na mwenza kunalipa. Meza hujaa visahani mpaka glasi zinakosa pa kukaa: jibini nyeupe na ya manjano, zeituni nyeusi na za kijani, nyanya na matango, jamu za matunda msiyoyajua, mayai, mikate ya moto. Tafuteni kisahani cha *kaymak*. Ni malai mazito kama siagi, yamemwagiwa asali. Pakaza kwenye mkate ungali moto, ule haraka kabla hayajayeyuka kwenye vidole. Agizeni na *menemen*, mayai yaliyovurugwa na nyanya na pilipili hoho, yanayoletwa kwenye kikaango chake. Beşiktaş ina mtaa mzima wa migahawa ya kifungua kinywa. Lakini si kila siku. Siku nyingine nunueni *simit*, mkate wa duara uliojaa ufuta, kutoka kwenye mkokoteni, na chai pembeni.

Chai yenyewe ni ya rangi, kwenye glasi ndogo yenye kiuno, vipande viwili vya sukari. Maziwa hakuna, na ukiyaomba utamshangaza mhudumu. Glasi ikiisha huletwa nyingine.

Mchana nendeni *esnaf lokantası*, mgahawa wa mafundi na wachuuzi. Ni mama ntilie wa Kituruki: vyakula vimeshapikwa, vimepangwa kwenye sinia nyuma ya kioo, unanyoosha kidole unapakuliwa. Hakuna menyu ya kuwatisha wala haja ya kujua lugha. Onyesheni *karnıyarık*, bilinganya iliyopasuliwa na kujazwa nyama ya kusaga. Onyesheni dengu na nyama, na wali wa siagi. Supu ya adesi, *mercimek*, kamulieni limau. Nendeni kabla ya saa saba. Ikifika saa tisa sinia nzuri zimebaki na mchuzi tu.

Na maharage. Mbele ya Süleymaniye kuna safu ya migahawa inayouza *kuru fasulye*, maharage meupe yaliyopikwa na nyanya na siagi, wali pembeni, achari na kitunguu. Najua mnajiuliza kwa nini mtu akae kwenye ndege kwa muda wa saa saba akale wali maharage. Kuleni kwanza. Yanapikwa polepole mpaka yanalainika bila kupasuka, mchuzi umeshika kijiko, na watu wa ofisini wanaofunga foleni pale si watalii.

Mitaani kuna mengi zaidi ya döner, ile nyama inayochomwa kwenye chuma kinachozunguka. Eminönü na Karaköy wanauza samaki kwenye mkate, kipande cha bangala kilichochomwa, kitunguu, saladi na limau. Wapo wenye mikokoteni ya wali na dengu na kuku wa kuchambua, chakula cha usiku cha bei ya mwananchi. *Kokoreç* ni utumbo wa kondoo uliosokotwa kwenye mshikaki mrefu, ukachomwa, kisha ukakatwakatwa vipande vidogo vidogo na kutiwa pilipili na oregano ndani ya mkate. Asiyependa utumbo apishe, mwenzake asimlazimishe.

Kome waliojazwa wali, *midye dolma*, wana utaratibu wao. Muuzaji amesimama na sinia, malimau yamerundikwa katikati. Anafungua ganda kwa kidole gumba, anakamua limau, anakupa. Ganda la juu ndilo kijiko chako. Unakombea wali wa viungo na nyama ya kome kwa pamoja, mara moja. Kabla hujameza, kaishafungua la pili. Haulizi. Ataendelea kukupa mpaka umwambie *tamam*, kisha atahesabu maganda. Kwa hiyo hesabuni nanyi, na mjue bei ya kimoja kabla ya cha kwanza. Siku za joto kali chagueni muuzaji mwenye watu wengi, au mwacheni kabisa.

Jioni moja ikalieni *ocakbaşı*, mgahawa ambao viti vimezunguka jiko la mkaa na mchomaji yuko mbele yenu. Nyama ya kondoo iliyokatwa kwa kisu kikubwa na kuchanganywa na mafuta ya mkia hukandikwa kwenye chuma bapa. Mafuta yakidondoka moto unapaa, naye anakandamiza nyama kwa mkate bapa ili mkate unywe yale mafuta, na mkate huo ndio mnaletewa kwanza. Kama mmoja wenu anapenda pilipili na mwingine anaikimbia, agizeni Adana moja, ambayo ni kali, na Urfa moja, ambayo si kali. Kunyweeni *ayran*, mtindi mwepesi wenye chumvi.

Kwenye migahawa ya samaki na *meze*, visahani vya kuanzia mlo, kuna mambo mawili ya kuangalia. Mhudumu akija na sinia ya visahani vya kuvutia, mkumbuke kila kisahani mnachopokea kinalipiwa. Na samaki muulize bei kabla hajaenda jikoni, maana mara nyingi huuzwa kwa kilo.

Vitamu. Baklava nzuri ya pistachio, kitamu cha tabaka nyembamba za unga zenye njugu na shira, kaleni Karaköy, vipande vichache tu, vikiwa vibichi. *Künefe*, tambi nyembamba zenye jibini ndani na shira juu, huliwa ikitoka jikoni. Ikipoa jibini linakuwa mpira. Mtaa wa Vefa kuna duka linalouza *boza* tangu mwaka 1876: kinywaji kizito cha nafaka iliyochachushwa, kitamu na kichachu kwa pamoja, kinaliwa kwa kijiko na mdalasini na dengu za kukaanga juu. Wengine huipenda mara ya kwanza, wengine hapana. Agizeni moja.

Kwa wanaouliza kuhusu halali: nyama ya kawaida mjini ni halali. Pombe ipo kwenye baadhi ya migahawa, na kwa sababu ya kodi ni ghali. Maji ya bomba wenyeji wengi hawayanywi. Nunueni ya chupa.

Hatua ya 8: Vukeni maji kila siku

Hakuna matembezi ya Bosphorus, mlango-bahari unaotenganisha Ulaya na Asia, ya bei nafuu kuliko kivuko cha kawaida. Pandeni Eminönü au Karaköy kwenda Kadıköy, kwa Istanbulkart ile ile, kaeni nje, nunueni chai ndani ya chombo. Mnaondoka Ulaya, glasi haijaisha mko Asia. Shakwe watawafuata, wenyeji huwarushia vipande vya simit.

Kadıköy mkishuka, ingieni sokoni moja kwa moja: samaki, achari za kila aina, zeituni, kahawa. Mkishashiba tembeeni hadi Moda, mkae ufukweni. Siku nyingine shukeni Üsküdar jioni, mkatazame jua likizama nyuma ya misikiti ya upande wa pili, mnara wa Kız Kulesi ukiwa majini mbele yenu. Kurudi mnaweza kuchukua Marmaray, treni inayopita chini ya bahari tangu 2013.

Wenye siku ya ziada wana njia mbili. Kuna kivuko kirefu cha Bosphorus kinachotoka Eminönü hadi Anadolu Kavağı, karibu na Bahari Nyeusi. Mnakula samaki huko, mnapanda hadi ngome ya Yoros, mnarudi. Au kisiwa cha Büyükada, kisicho na magari ya watu binafsi, ambako mnakodi baiskeli. Ningechagua kivuko kirefu, isipokuwa wikiendi, ambapo vyote viwili hufurika.

Hatua ya 9: Achaneni nusu siku

Hili silioni kwenye miongozo mingi, na linaokoa safari. Katikati ya wiki kila mtu awe na saa nne zake.

Anayependa hamam, bafu la umma la jadi, aende. Karibu na Ayasofya kuna ile ya Hürrem Sultan, iliyojengwa na Sinan mwaka 1556. Kwenye hamam za jadi wanaume na wanawake hutenganishwa, kwa hiyo msiende mkidhani mtakuwa pamoja. Unalazwa kwenye jiwe la moto, unasuguliwa kwa gunia dogo liitwalo *kese* mpaka taka zinatoka kama nyuzi, kisha unafunikwa povu. Ukitoka hutaki kutembea.

Anayependa kununua aende Kapalıçarşı, lenye maelfu ya maduka. Bei ya kwanza si bei. Kunywa chai unayokaribishwa hakukufungi kununua. Ila kama mwenza wako anafanya biashara ya nguo Kariakoo au Eastleigh, jueni kwamba mtaa wa Laleli uko kituo kimoja cha tramu kutoka hapo na unaweza kumeza fungate nzima. Huko huuzwa kwa jumla, saizi zote kwa pamoja. Mpe siku moja, si mbili, na usimsindikize.

Hatua ya 10: Wajanja

Mpiga viatu anaangusha brashi mbele yako. Ukimwokotea, anakushukuru kwa kukusafisha kiatu, halafu anadai fedha. Iacheni chini. Mgeni mchangamfu anayemkaribisha mwanamume aliye peke yake kinywaji kwenye baa "ya rafiki yangu" anampeleka kwenye bili ya kutisha. Teksi iwashwe mita mbele ya macho yenu, au iitwe kwa programu ya simu. Ada ya daraja huongezwa juu. Mgahawa usioonyesha bei popote, pitilizeni.

Hatua ya 11: Siku ya kurudi

Kahawa iliyosagwa nunueni nyuma ya soko la viungo la Eminönü, kwa Kurukahveci Mehmet Efendi, duka la tangu 1871. Harufu itawafikisha, na foleni huenda haraka. Ndani ya soko la viungo onjeni *lokum*, vipande laini vya sukari, kabla ya kununua, na chagueni za kupimwa kwa kilo badala ya masanduku yaliyokwisha kufungwa. Soko hili hufunguliwa hata Jumapili.

Baklava ya kusafiri nayo inaitwa *kuru baklava*, ina shira kidogo na hukaa siku nyingi. Mwambieni muuzaji mnasafiri, ataifunga kwa kubana na kuizungushia plastiki. Iende kwenye begi la mkononi, isimame wima haitakiwi, na ikifika nyumbani isiwekwe friji. Sosi ya komamanga na mafuta ya zeituni ni vimiminika. Viende kwenye begi la kupakia, katikati ya nguo chafu. Mkiwa mmelala Kadıköy na ndege ni ya uwanja mkuu, ulio upande wa Ulaya, ondokeni saa nne au tano kabla, kwa sababu foleni ya magari darajani haijali tiketi yenu.